Picha ya baba kwenye ngazi za Makerere

BintiKashozi
Wakuu, habari za jioni. Baada ya matanga tumefungua sanduku la marehemu baba. Kuna picha ameketi kwenye ngazi za jengo kubwa lenye mnara wa saa, amevaa koti ambalo bila shaka si lake, mikono imemfunika hadi vidole. Nyuma kaandika "Makerere, 1964". Ila cheti chake cha udaktari cha 1969, jina lililo juu kabisa ni Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kaka yangu anadai mzee alitudanganya, hakusoma Makerere. Nani anajua habari hizi? Na hilo jengo ndilo lililoungua?

Mstaafu_wa_Chaki
Binti, poleni kwa msiba. Mwambie kaka yako atulie. Kuanzia 1963 hadi 1970 chuo kikuu kilikuwa kimoja kwa nchi zote tatu, chenye matawi Kampala (ndiyo Makerere yenyewe), Nairobi na Dar. Sheria ilikuja Dar, uhandisi ukaenda Nairobi, udaktari Makerere. Hapa Dar shahada ya udaktari imeanza kufundishwa 1968, mzee wenu kashakaribia kumaliza! Mimi nilikuwa Mlimani, tawi la Dar, tulikaa bwenini na Waganda, kila siku kilio chao ni matoke.

Wandegeya_Juu
Ndilo lenyewe, dada. Lilikamilika 1941. Mwalimu Nyerere alipofika 1943 kusomea ualimu alilikuta bado jipya. Liliungua usiku wa kuamkia Jumapili, 20 Septemba 2020. Moto ulianzia juu, kwenye ofisi za kumbukumbu na fedha, paa likaporomoka. Asubuhi nilipita pale, watu wazima wamesimama kwenye nyasi wanalia kama wamefiwa. Limejengwa upya kwa sura ileile, likafunguliwa Oktoba 2024. Ukija, piga picha palepale alipoketi.

Mstaafu_wa_Chaki
Alitokea Bukoba? Basi huenda alivuka kwa meli ya Victoria mpaka Port Bell, bandari ya Kampala. Wenzangu wa huko walikuwa wakisafiri na mikungu ya ndizi, eti Kampala watakosa za kwao.

BintiKashozi
Bukoba ndiyo, mzee wangu, na hiyo ya ndizi ni baba mtupu. Asanteni sana. Nimemsomea kaka yote haya, kanyamaza kidogo. Sasa anataka kujua koti lilikuwa la nani.