Tupeane uzoefu: Ulipataje kibali cha kufunga paneli za sola juu ya paa la nyumba yako?

Ndugu zangu, habari zenu. Ushauri kuhusu ukubwa wa betri na aina ya inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, tunapeana kila siku, lakini ni wachache wanaosimulia kinachotangulia, yaani safari ya kupata ruhusa ya kufunga paneli juu ya paa lako mwenyewe. Naomba tusimuliane hapa, kwa sababu mimi nilipoteza miezi mitatu kwa kosa ambalo mtu aliyekwisha kupita njia hiyo angeniepusha nalo kwa mazungumzo mafupi tu.

Nilianza kwa kudhani kwamba kibali ni kimoja chenye mihuri mingi. Sivyo. Ofisi ya ujenzi inataka kujua kama paa litabeba mzigo na kama wazima moto watapata pa kukanyaga, mkaguzi wa umeme anataka kujua kama nyaya zako hazitaunguza nyumba, na shirika la umeme linataka kujua kama umeme wako hautaingia kwenye nyaya zake na kumuua fundi wake akiwa juu ya nguzo. Ukielewa kila mmoja anaogopa nini, utajua pia kila mmoja apewe karatasi ipi.

Kosa langu lilikuwa hili. Mchoro uliopitishwa ulionyesha inveta ya toleo fulani, na nilipokwenda kununua nikaambiwa toleo hilo limekwisha. Fundi akaleta jingine la kampuni hiyohiyo lenye kilowati zilezile, akanihakikishia kwamba hakuna tofauti, nami nikakubali. Siku ya ukaguzi, mkaguzi alipiga goti mbele ya inveta, akamulika tochi kwenye kibandiko kilicho ubavuni, akaufungua mchoro juu ya goti lake na kupitisha kidole herufi kwa herufi. Herufi mbili za mwisho hazikulingana. Akafunga faili bila hata kuliangalia paa.

Siku ile niliumia, lakini alikuwa sahihi, na nataka nieleze kwa nini. Paneli zangu 11 zimefungwa kwa mfuatano, na kila moja hutoa volti 45 ikiwa haijaunganishwa na kifaa chochote kinachotumia umeme wake, kwa hiyo jumla ni volti 495 katika nyuzi joto 25, ambacho ndicho kiwango cha kupimia paneli. Paneli ikipoa, volti zake hupanda kwa takriban asilimia 0.3 kwa kila nyuzi moja, hivyo asubuhi ya nyuzi joto 10 jumla hupita volti 515. Inveta ya kwenye mchoro ilihimili volti 600, na ile aliyoleta fundi ilikuwa na ukomo wa volti 500. Kilowati zilikuwa sawa, lakini asubuhi moja ya baridi ingetosha kuiunguza. Ilinilazimu kuandaa mchoro mpya, kuomba upya na kusubiri zamu upya.

Karibuni nanyi mseme yenu.

Mchangiaji wa pili

Ahsante kwa kuanzisha mada hii. Kwangu shida ilikuwa paa lenyewe, ambalo ni la zamani. Nilijiandaa kujibu maswali ya uzito, kwa kuwa paneli moja ya nyumbani huwa na kilo 20 au zaidi kidogo, lakini mhandisi aliyetakiwa kusaini barua ya uimara wa paa aliuliza zaidi kuhusu upepo. Alinieleza kwamba uzito wa paneli husambaa vizuri juu ya kenchi, ilhali upepo ukiingia chini ya paneli hutaka kuinyanyua, na nguvu hiyo huwa kubwa zaidi kwenye kingo na pembe za paa.

Aliingia darini na bisibisi, akawa anachoma kila ubao mahali ambapo skrubu za reli zinazoshikilia paneli zingeingia. Kwenye kenchi mbili za ukingoni bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini, kwa kuwa mchwa walikuwa wamekula ndani na kuacha ganda la nje likiwa zima. Tulibadilisha kenchi hizo, tukasogeza safu ya paneli ndani kutoka ukingoni, na maombi yakapita mara ya kwanza. Ningewahi kupeleka karatasi kabla ya mtu kuingia darini, ningepata kibali cha kufunga paneli juu ya mbao zilizooza.

Mchangiaji wa tatu

Sisi tunaishi katika jengo la ghorofa ambalo paa lake ni mali ya wote, kwa hiyo kabla ya ofisi yoyote nilihitaji ridhaa ya majirani. Kikao cha kwanza kilinikatalia. Cha pili kilikubali baada ya kuandika mambo mawili ambayo mara ya kwanza sikuyagusa: nani atawajibika paa likianza kuvuja pale skrubu zilipopita, na nani atagharimia kuondoa paneli siku paa litakapohitaji kukarabatiwa. Yote mawili niliyabeba mimi kwa maandishi. Hakuna aliyeuliza chochote kuhusu sola yenyewe.

Mchangiaji wa nne

Naomba nieleze yangu ili asiyeanza asiige. Nilifunga kwanza, nikaomba baadaye, kwa sababu fundi aliniambia kwamba kibali hufuata tu. Mkaguzi alipofika alisema hawezi kusaini kitu asichokiona, kwani nyaya, viungo na waya wa ardhi unaounganisha reli vyote vilikuwa vimefunikwa na paneli. Ikabidi tushushe paneli sita.

Tulipozishusha tukaona kwamba fundi alikuwa amechomeka viunganishi vya nyaya vya kampuni mbili tofauti. Kwa macho vinaonekana kama vimezaliwa pamoja na vinaingiana vizuri kabisa, lakini vyuma vya ndani havikubani sawasawa, na mahali hapo hupata joto kidogokidogo mpaka plastiki inayeyuka. Kimoja kilikuwa kimeanza kubadilika rangi kuwa kahawia. Na huo ni mkondo mnyoofu (DC) wa volti mamia, ambao haukatiki juu ya paa kwa kuzima swichi kuu ya nyumba, maadamu jua linawaka. Watoto wangu wanalala chini ya paa hilo. Tangu siku hiyo silalamiki tena kuhusu ukaguzi.

Mchangiaji wa tano

Mimi nilikwama kwa shirika la umeme. Kila kitu kilikwisha kufungwa na kukaguliwa, lakini barua ya kuunganisha na gridi, yaani mtandao wa umeme wa shirika, ilichukua wiki saba, na kila siku nilikuwa naliangalia jua likipotea bure. Rafiki alinishauri niwashe kimyakimya. Sikuwasha, na nafurahi, kwa sababu mita za kidijitali za zamani baadhi yake huhesabu umeme unaotoka kana kwamba umeingia, hivyo ningelipia umeme niliouzalisha mwenyewe.

Shirika lilichosisitiza zaidi ni uthibitisho kwamba gridi ikikatika inveta yangu inajitoa yenyewe ndani ya sekunde mbili. Hapo ndipo cheti cha inveta kinapohitajika, na si cha paneli peke yake. Kwa upande wa paneli waliomba vyeti vya viwango vya kimataifa vya ubora na usalama wa paneli, IEC 61215 na IEC 61730, ambavyo muuzaji makini huwa anavyo, na asipokuwa navyo heri kuachana naye mapema.

Mchangiaji wa sita

Je, kuna aliyeulizwa kuhusu betri? Mimi nataka kuiweka chini ya ngazi.

Mwanzisha mada

Ndugu, usiiweke hapo. Ombi la ndugu yangu mmoja lilirudishwa kwa sababu hiyo hasa: ngazi ndiyo njia ya kutokea watu moto ukizuka, na betri ya lithiamu ikishika moto hutoa moshi wenye sumu na ni vigumu kuizima. Yeye aliihamishia kwenye ukuta wa nje wenye kivuli, mbali na dirisha la chumba cha kulala, na mchoro uliorekebishwa ukapita.

Nawashukuru nyote. Kwa wanaoanza, bahasha yangu ya mara ya pili ilikuwa na mchoro wa paa wenye vipimo, mchoro wa umeme, barua ya mhandisi, vyeti vya vifaa na kurasa za vipimo vya kiwandani. Inveta niliinunua kwanza, nikapiga picha ya kibandiko chake, na mchoro ukaandikwa kutoka kwenye picha hiyo. Mkaguzi yuleyule alirudi, akapiga goti palepale, akapitisha kidole mpaka herufi ya mwisho, kisha akaomba ngazi ili apande juu.