Programu za enkripsheni: "bure" ya kwenye tangazo na bei ya kwenye masharti

Wakuu habari zenu, mniwie radhi nimekuja na hasira.

Ofisi yetu ndogo, tunaandaa mahesabu ya wateja, na kwa hii Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 huwezi kuacha mafaili ya watu wazi wazi kwenye laptop. Sawa, hilo halina ubishi. Sasa kuna programu moja ya kuenkripti, yaani kufunga mafaili yasisomeke bila paswedi, ukiingia kwenye tovuti yao imeandikwa BURE kwa herufi kubwa, ushuke chini kabisa kwenye masharti ndo unakuta bure ni kwa matumizi binafsi tu, ukifunga hata faili moja la mteja wewe ni biashara, na biashara inalipia kila kompyuta, kila mwaka, kwa dola, na hawauzi chini ya leseni kumi. Sisi kompyuta tunazo nne!! Hizo sita tunamlipia nani? Nimewaandikia, jibu ni kwamba ndo sera yao. Na seva ina bei yake pembeni.

Tena mwaka ukiisha hujalipa, mafaili ya zamani unafungua ila kuenkripti jipya huwezi. Yaani umeshikwa.

Na ndani humo kuna nini? AES ile ile, njia ya kihesabu ya kuenkripti data. Waliibuni Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, Marekani ikaipitisha kuwa kiwango 2001 na dunia nzima inaitumia bila kulipa hata senti. RSA, njia nyingine ya kuenkripti, hataza yake (patent) iliisha 2000. IDEA, njia iliyokuwa kwenye matoleo ya zamani ya PGP, programu ya kuenkripti barua pepe na mafaili, ambayo kampuni zilikuwa zinailipia kweli, nayo hataza zake zimeisha tangu 2012. Kama mnauza sapoti semeni mnauza sapoti, nitalipa, anayepokea simu ana familia. Ila msiniambie bure halafu mnivizie kwenye masharti.

BitLocker, ile ya kuenkripti diski inayokuja na Windows yenyewe, ukiitaka kamili inataka Windows Pro, laptop zetu zimekuja na Home. GnuPG, ya kuenkripti mafaili na barua pepe, toleo lake la 1.0 lilitoka 1999 na leseni yake haikuulizi kama unafanya biashara, VeraCrypt, ya kuenkripti diski, nayo hivyo hivyo, kwa hiyo tunaelekea huko. Shida VeraCrypt haina sehemu moja ya kusimamia kompyuta zote. Mwenye ofisi anayeitumia aseme, mfanyakazi akiacha kazi au akisahau paswedi nyie mnafunguaje diski yake?