Mrejesho: mpwa wangu aliyepiga mbizi Sabaki

Asalaam aleikum. Ni mimi niliyeuliza kuhusu mtoto wa dada yangu hapa Malindi, aliyeshikwa na homa na kuumwa kichwa vibaya siku nne baada ya kupiga mbizi kwenye kidimbwi kando ya mto Sabaki. Niliogopa amiba wa ubongo, Naegleria, kijidudu cha majini kinachopenya puani na kuua zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100.

Zahanati ya kwanza ilimtibu malaria, tukapoteza siku nzima. Mlioniambia "shingo ikikaza msingoje, na yale maji myataje", Mungu awalipe. Nilimtajia daktari kidimbwi kabla hajauliza. Maji ya uti wa mgongo yalitoka na ukungu kama ya kuoshea mchele, yakatazamwa kwa darubini papo hapo bila kutiwa kwenye friji, maana baridi humfanya amiba atulie asitambulike. Hakuonekana. Walikuta bakteria, akachomwa seftriaksoni siku kumi.

Miltefosini, dawa ya kumtibu amiba huyo, niliitafuta kila duka la dawa nisiipate. Alhamdulillahi hatukuihitaji. Mtoto yuko nyumbani, anakula vizuri, ila sikio la kushoto halisikii. Jumatatu tunarudi akapimwe.