Wauza mabanda ya chuma, huo wimbo wa "uzito wake unatosha" mtatuua nao

Wakuu, bora niseme nisije nikapasuka.

Hapa Dar unanunua banda la chuma la kuhamishika, iwe stoo au la biashara, unaambiwa bei ni pamoja na kusimika. Linashushwa kwenye kenta, linapangiwa matofali chini, vijana wanapiga picha ya kurusha Instagram, haooo. Ukiuliza mbona halijafungwa imara chini: "Bosi, hiki ni chuma, uzito wake unatosha."

Unatosha wapi? Langu liko Kigamboni kwenye mchanga, na juzi usiku upepo wa kusi umelibwaga juu ya ukuta wa jirani. Bahati hakukuwa na mtu. Muuzaji kaja, katikisa kichwa, eti ni mapenzi ya Mungu. Mungu ndiye aliyechomelea?

Maana hizo wanazoita nanga, za kulishikilia banda ardhini, nimezikagua. Vipisi vya nondo vilivyonyooka, sehemu iliyokuwa ardhini haizidi kiganja changu, vimeshikizwa kwenye skwea paipu ya chini kwa tone moja la kuchomelea. Rangi pale imeungua, kutu imeshaingia. Mchangani kipisi kama hicho kinachomoka kama mwiko kwenye uji.

Upepo wa kilomita 72 kwa saa unasukuma kama kilo 25 kwa kila mita ya mraba. Ubavu wa mita 3 kwa 2 hapo unabeba kilo 150, na kasi ikiongezeka mara mbili msukumo unakuwa mara nne. Ukiingia kwa mlangoni ndio balaa, unasukuma paa kutoka ndani huku wa juu unalivuta. Bati lenyewe geji 30, jembamba! Na msinijie na "Dar hakuna vimbunga". Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja upande wa Mafia, boti za Zanzibar zilisimamishwa. Na TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) kutangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa ukanda wa pwani ni jambo la kawaida kabisa.

Kazi yenyewe wala si ya maajabu. Mwaga jamvi la zege, limwagilie likomae, ndipo utoboe na kufunga bolti za kutanuka kila kona na katikati ya pande ndefu. Zisikae ukingoni, zege litabanduka. Kama hakuna jamvi, chimba mashimo kwenye kona, mwaga zege lenye nondo zilizokunjwa miguu, kisha funga fremu humo. Huku karibu na bahari bolti ziwe za chuma kilichochovywa kwenye zinki ya moto au kisichoshika kutu, la sivyo chumvi itazila. Gharama yake ukilinganisha na bei ya banda ni ndogo, ila wao wanaona ni kupoteza muda.

Sasa jirani anadai ukuta wake, na ana haki. Muuzaji kanibloku WhatsApp. Risiti ninayo, imeandikwa "banda na kusimika". Wanasheria wa humu, nianzie Tume ya Ushindani au niende moja kwa moja mahakama ya mwanzo?