Mrejesho: wasilisho la chanja za kukaushia dagaa

Wakuu, niliuliza namna ya kubana slaidi 34 ziingie dakika 15, mbele ya wakaushaji dagaa wa Kirumba, Mwanza, na maofisa uvuvi. Asanteni sana, wasilisho limefanyika.

Slaidi zilibaki 9. Ushauri uliobeba kila kitu ni ule wa kuandika kwanza sentensi moja ya hitimisho, "chanja huinua dagaa juu ya mchanga, hewa ikapita juu na chini", kisha kufuta slaidi yoyote isiyoitetea. Jedwali la vipimo vya unyevu lenye safu 12 likawa grafu ya mistari miwili tu, wa chanja na wa mchangani, kila mmoja ukiwa na jina lake pembeni. Kabla ya kueleza matokeo, taja mihimili: huku saa, huku unyevu. Ukiruka hatua hiyo watu wanasoma grafu badala ya kukusikiliza.

Mwanga ndio uliosumbua. Ukumbi una madirisha makubwa upande wa ziwa, na projekta haiwezi kutoa weusi: sehemu nyeusi ni ukuta usiomulikwa, basi jua likiupiga, maandishi meupe kwenye mandhari meusi yanafifia. Tumieni maandishi meusi kwenye nyeupe, ukubwa 28 kwenda juu. Bebeni pia nakala ya PDF kwenye flashi na adapta ya HDMI kwenda VGA, ya kuunganisha kompyuta na projekta ya zamani.

Kipande cha chanja chenye wavu kilichopitishwa mkononi kilizaa maswali kuliko slaidi zote. Kipitisheni baada ya kumaliza kuongea, la sivyo macho yote yanakifuata.