Naomba ushauri: tutapataje muhtasari wa kikao cha madiwani?

Habari zenu wakuu. Sisi ni kikundi kidogo cha wakazi wa kata moja hapa Moshi mjini. Tumesikia madiwani wamepitisha uamuzi wa kuwaondoa wauza ndizi na mboga kando ya barabara yetu. Vibanda vimeshapigwa X nyekundu, na wenyewe wanaambiwa wahamie eneo lisilo na choo wala maji. Ni akina mama wanaoshuka mlimani alfajiri na mikungu ya mshare, wengine wako pale tangu watoto wao wakiwa mgongoni. Barabara imebana kweli, hilo hatubishi. Ila uamuzi wenyewe hatujauona kwa maandishi, na diwani kila siku anatupiga kalenda.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inataka ombi la maandishi lijibiwe ndani ya siku 30. Kuna aliyewahi kuitumia kudai muhtasari wa kikao? Barua tumwandikie mkurugenzi moja kwa moja, au ipitie kwa mtendaji wa kata? Baadhi ya wenzangu wanataka tuanze na mkutano wa mtaa. Mimi naona barua itangulie, maana bomoabomoa haisubiri. Naombeni mawazo yenu.