Naomba ushauri: mti wa ukoo wa Yehe Nara umenishinda

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nachora mti wa ukoo wa Yehe Nara, Wamanchu waliooleana na watawala wa Qing, nasaba ya mwisho ya wafalme wa China, tangu mama yake Hong Taiji, mfalme wa kwanza wa Qing. Nimekwama kwa mfalme Guangxu.

Mama yake mzazi ni mdogo wake Cixi, yule mama wa ukoo huu aliyeshika madaraka China kwa miaka mingi. Baba yake, Yixuan, ni mdogo wake mfalme Xianfeng, mume wa Cixi. Yaani Cixi ni mama yake mkubwa kwa pande zote mbili! Mwaka 1875, akiwa na miaka 3, aliwekwa kitini na kuhesabiwa mtoto wa Xianfeng. Mwaka 1889 akaozwa Longyu, binti wa mjomba wake. Kwa Longyu, Cixi ni shangazi na papo hapo mama mkwe.

Nimejaribu kupanga kwa vizazi, mistari ikapishana hadi haisomeki. Nikaweka jedwali, undugu wenyewe ukapotea, na ndio ninaotaka uonekane.

Je, Guangxu nimwandike mara mbili, au mara moja chini ya wazazi wake kisha nivute mstari wa nukta hadi kwa Xianfeng? Na Cixi nimwite mama mkubwa au mama mlezi?

Natanguliza shukrani.